Dawa ya Kimana ni ipi?

Neno "dawa" ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayobeba mzigo mkubwa kuliko umbo lao. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kinachoponya, nasi tukalipanua hata ikawa sharti msikilizaji autazame mkono wa msemaji ndipo ajue linalokusudiwa. Daktari hutoa dawa. Mkulima naye "hupiga dawa" shambani, na anachokusudia ni kunyunyiza sumu ya kuua wadudu. Polisi hunasa "dawa za kulevya". Na katika miaka ya karibuni wamejitokeza watetezi wa bangi wanaoshikilia kwamba mmea huo ulioharamishwa ni dawa, tena dawa inayoweza kuiponya nchi maradhi ya umaskini.

Neno moja likitumiwa kwa vitu vinne, hatari yake ni kwamba sifa za kimoja huazimwa na kingine bila mtu kutambua. Sumu hupata heshima ya tiba, na tiba hupata ahadi za utajiri. Makala haya yanadhamiria kuzitenganisha maana hizo kwa kuutazama mji mdogo wa Kimana, katika Kaunti ya Kajiado, kwa kuwa huko suala la nini kipandwe, kipandwe vipi, na kwa maji ya nani, ni suala la riziki ya kila siku.

Hoja yangu ni hii: mjadala wa bangi na mjadala wa mboga ni mjadala mmoja, na msingi wake ni udongo na maji. Udongo uliojaa sumu haufai kwa nyanya, wala haufai kwa huo mmea unaosifiwa kuwa dawa. Kabla ya kubishana kuhusu mmea utakaotutajirisha, yafaa tuulize tutaupanda katika udongo wa namna gani.

Msomaji asiyepafahamu Kimana na aiwazie barabara inayochepuka kutoka ile ya Mombasa pale Emali, ikaelekea kusini hadi Loitokitok. Kimana iko kwenye barabara hiyo, kabla ya kuwasili Loitokitok, na magharibi yake ni Mbuga ya Amboseli. Ardhi ya sehemu hii ni kavu, na mvua yake ni haba. Hata hivyo, kuna maji. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Mlima Kilimanjaro hupenya katika miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikachomoza upande wa Kenya kwa njia ya chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zinazolisha vinamasi vya Kimana na Namelok, na vile vilivyomo Amboseli. Maji ya mlima huohuo husafirishwa pia kwa bomba la Nolturesh hadi maeneo ya Kajiado, Machakos na Athi River. Kwa hiyo mkazi wa Kitengela anayenunua nyanya sokoni na kuziosha kwa maji ya mfereji yamkini anaonja Kilimanjaro mara mbili: ndani ya nyanya na ndani ya karai.

Kwa karne nyingi vinamasi hivyo vilikuwa akiba ya wafugaji wa Kimaasai wakati wa kiangazi. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha umiliki wa ardhi kwa makundi, ndiyo ile tunayoiita "group ranch" kwa lugha ya serikali. Mwaka 1974 Amboseli ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, na wafugaji wakapoteza sehemu muhimu ya malisho na maji yao. Baadaye ardhi ya kundi la Kimana iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Wakulima wa Kikamba, Kikikuyu na Kichaga walikwisha kuingia. Wakakodi vipande vyenye maji, wakachimba mifereji, wakapanda vitunguu, nyanya na pilipili. Leo Kajiado inahesabiwa miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa kilimo cha nyanya nchini.

Nimelitaja suala la kukodi kwa makusudi, maana ndilo linaloeleza mengi yatakayofuata. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja au miwili hana sababu ya kuulisha udongo. Samadi na mboji huchukua miaka kuijenga rutuba, naye miaka hiyo hana. Ana miezi minne tu ya kulipia kodi, mbegu, mafuta ya pampu na vibarua, na kisha abaki na cha kupeleka nyumbani. Mtu wa namna hiyo ukimhubiria habari za udongo wa wajukuu atakuambia, na kwa haki, kwamba wajukuu hao si wake, na udongo huo vilevile si wake. Basi lawama zinazomwangukia mkulima mmoja mmoja kuhusu matumizi ya sumu hukosea shabaha. Mkataba wa kukodi wenyewe ndio unaomwelekeza huko.

Na tuitazame sasa dawa ya kwanza, ile inayopigwa. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu wa nyanya ajulikanaye kitaalamu kama Tuta absoluta, ambaye asili yake ni Amerika Kusini na ambaye tangu mwaka 2006 alikuwa amevuruga mashamba ya Hispania. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, kwa hiyo sumu inayonyunyizwa juu juu haimfikii kwa urahisi. Wakulima wa Tanzania walimpachika jina la "kantangaze", yaani nenda ukanitangaze, jina la kejeli ya mdudu dhidi ya mkulima aliyeshindwa. Jina hilo ni ushahidi wa jinsi wakulima walivyohisi: wamechekwa na kiwavi. Mwitikio wao ulikuwa kuongeza dawa, kuchanganya dawa, na kupiga dawa mara nyingi zaidi. Lakini mdudu huyu ni hodari wa kujenga usugu. Wanaopona hurithisha watoto wao ukinzani, na msimu ufuatao dozi ya jana huwa si kitu.

Chupa za sumu hizi zina mkanda wa rangi chini ya kibandiko. Nyekundu ni hatari kuu, njano ni hatari, buluu huifuata, na kijani ni yenye hatari ndogo kuliko zote. Huo ni mfumo mzuri wa ishara, na sisi wanaisimu huusifu kwa kuwa haumtaki mtu ajue kusoma. Walakini, ishara hufanya kazi pale tu ambapo jamii imekubaliana kuhusu maana yake. Maana hiyo hufundishwa, haizaliwi na rangi. Maandishi ya kibandiko nayo huwa madogo mno, na hata yawapo ya Kiswahili, istilahi zake ni za maabara. Ni wakulima wangapi walioelezwa kinaganaga maana ya siku za kusubiri, yaani zile siku zinazopaswa kupita kati ya kupiga dawa mara ya mwisho na kuvuna? Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa mfululizo. Ikiwa siku za kusubiri ni saba, na gari la mnunuzi linakuja baada ya siku tatu, msomaji anaweza kukisia kipi kitakachotangulia.

Kwamba dawa ya shambani inaweza kugeuka ikawa kitu kingine kabisa, nchi ya Wamaasai inajua. Furadan, jina la kibiashara la kabofurani, iliuzwa kwa ajili ya kuua wadudu waharibuo mazao. Wafugaji waliopoteza ng'ombe wao waligundua kwamba chembe chache zikitiwa kwenye mzoga humuua simba, na pamoja naye fisi na tai wote watakaoudonoa mzoga huo. Baada ya habari hizo kuenea ulimwenguni mwaka 2009, kampuni iliyoitengeneza iliiondoa bidhaa hiyo katika soko la Kenya. Fauka ya hayo, mwaka 2025 serikali iliondoa sokoni makumi ya bidhaa za kuua wadudu na magugu, baadhi zikiwa na viambato vilivyokwisha kupigwa marufuku Ulaya kitambo. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini yatupasa tujiulize: hadi siku moja kabla ya tangazo hilo, bidhaa zilezile ziliitwaje madukani? Ziliitwa dawa.

Tuje sasa kwenye dawa ya pili. Neno bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi, ambako husemwa bhang, na asili yake ni Kisanskriti. Lilivuka bahari pamoja na biashara, nasi tukalizoea hata tukalisahau ugeni wake. Nchini Kenya sheria haina utata kuhusu mmea huu. Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inamtisha anayeupanda kwa faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani yake sokoni, kile kitakachozidi, au kifungo kisichozidi miaka 20, au adhabu zote mbili. Wanaoificha miche ya bangi katikati ya mahindi au nyanya wanacheza kamari na uhai wa familia zao, na mwandishi huyu hamshauri yeyote aijaribu.

Hata hivyo, mjadala upo, na mwanachuoni hana ruhusa ya kujifanya kiziwi. Mwaka 2021 jamii ya Marastafari ilifika Mahakama Kuu ikitaka matumizi ya bangi kwa ibada yaruhusiwe. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 mgombea urais, Profesa George Wajackoyah, aliifanya bangi kuwa nguzo ya kampeni yake, akaahidi kwamba mauzo ya nje yangelipa deni la taifa. Alipata chini ya asilimia moja ya kura, lakini maneno yake yalijadiliwa kuliko ya wengi waliopata zaidi. Ulimwengu nao umesonga. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020. Uganda imeshuhudia bangi ya tiba ikikuzwa katika vivungulio huko Kasese, na Rwanda iliweka kanuni zake mwaka 2021 kwa ajili ya mauzo ya nje. Mnamo tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kwa ukali zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Uamuzi huo haukuihalalisha. Ulikiri tu kwamba ina manufaa ya kitabibu yanayostahili kuchunguzwa.

Tuseme basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba Kenya ingefuata mkondo huo kesho. Je, mkulima wa Kimana angepata nini? Bangi ya tiba haiuzwi kwa gunia. Mnunuzi hutaka ithibati ya maabara kwamba maua yaliyokaushwa hayana mabaki ya sumu za wadudu, hayana ukungu, na hayana madini mazito kama kadimi na risasi. Serikali nazo hutaka leseni, ua, ulinzi wa mchana na usiku, na hesabu ya kila shina. Haya ni masharti ya mwenye mtaji. Aidha, Kanada ilipohalalisha bangi mwaka 2018, makampuni yalijenga vivungulio vingi kupita mahitaji, ghala zikajaa, bei zikaporomoka, na baadhi ya vivungulio hivyo vikafungwa. Mkulima mwenye nusu ekari ya kukodi hangekuwa na nafasi katika mashindano hayo ila kwa kuajiriwa kama kibarua. Anayemwahidi utajiri anamuuzia ndoto ya mtu mwingine.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloiunganisha hoja yetu. Mmea huu una tabia ya kunyonya madini mazito kutoka ardhini na kuyahifadhi mwilini mwake. Tabia hiyo inajulikana kiasi kwamba katika miaka ya 1990 wataalamu waliijaribu jamii yake, ile ya nyuzi, karibu na Chernobyl ili ione kama itaisafisha ardhi iliyochafuliwa. Maana yake ni kwamba bangi ni shahidi asiyejua kusema uongo: uchafu ulioko ardhini utauona kwenye jani. Basi hata yule anayeamini kwa dhati kwamba mmea huo ndio mkombozi wetu analazimika kuanzia mahali palepale anapoanzia mpanda sukumawiki, yaani kwenye udongo safi na maji safi. Na ikiwa mwanzo ni huo, hakuna sababu ya kungoja Bunge. Nyanya safi haihitaji kubadilishiwa sheria.

Hapo ndipo kinapoingia kivungulio. Watanzania hukiita kitalu nyumba, nasi Wakenya tumezoea kivungulio. Vyovyote kiitwavyo, ni banda la miti au vyuma lililofunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyokingwa dhidi ya makali ya jua. Anayepita Isinya huyaona mabanda makubwa ya maua yanayopelekwa ng'ambo. Yale madogo ya mboga yameenea hadi nyuma ya nyumba za Kitengela. Katika miaka iliyopita yalinadiwa kana kwamba ni mashine za kutengeneza fedha: nunua, panda, hesabu mamilioni. Wengi walinunua, na wengi leo wanaanikia nguo kwenye vyuma vyake. Kwa nini?

Sababu kubwa ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Vijidudu hivi huishi udongoni, huingia kupitia mizizi, huziba mishipa ya maji ya mmea, na nyanya iliyokuwa imesimama asubuhi hulala jioni. Hakuna dawa ya kupiga itakayoiponya. Vijidudu huingia kwa miche, kwa maji, kwa jembe la kuazima au kwa kiatu cha mgeni, na vikishaingia ndani ya banda ambamo hupandwa nyanya baada ya nyanya, hupata karamu isiyokoma. Wenzao ni minyoo fundo, wanaoivimbisha mizizi. Kivungulio kiliuzwa kwa ahadi ya kuzuia maradhi, kumbe kwa mkulima asiyebadilisha mazao kiliyafungia maradhi hayo ndani.

Kilimo hai kina majibu ambayo si ya miujiza. La kwanza ni mzunguko wa mazao: baada ya nyanya asipandwe ndugu yake, yaani pilipili, biringanya wala kiazi, bali vipandwe kunde, kitunguu, spinachi au mahindi. La pili ni kuuchoma udongo kwa jua: ardhi hulowanishwa, hufunikwa kwa plastiki angavu, na kuachwa wiki nne hadi sita, jua la Kimana ni rasilimali isiyotozwa kodi. La tatu ni mboji iliyoiva barabara, inayoleta viumbe vidogo wa kushindana na wale waharibifu. Samadi haikosekani katika nchi ya wafugaji, na hapa mfugaji na mkulima, ambao mara nyingi huripotiwa wakigombania maji, wanaweza kupata sababu ya kufanya biashara. La nne ni wavu wenye matundu madogo madirishani na mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, ili kantangaze akose pa kupitia, pamoja na mitego inayomnasa dume kwa harufu ya jike.

Msomaji mwenye jicho la lugha atafurahia mfano mmoja zaidi. Kuna gugu lenye majani yaliyochanikachanika na harufu kali, ambalo kitaalamu huitwa Tagetes minuta. Wakikuyu hulijua kwa jina la "mũbangi", bila shaka kwa kulifananisha na bangi. Si bangi, halilevyi, wala halimpeleki mtu mahakamani. Lakini mizizi yake hutoa kemikali zinazowadhuru minyoo wa udongoni, na wakulima huyaloweka majani yake wapate maji ya kufukuzia vidukari. Waliokuwa wakiota utajiri wa bangi walikuwa wakiling'oa na kulitupa gugu lililokopa jina lake, nalo lilikuwa na faida ya kuwapa bila leseni.

Na maji je? Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Kivungulio cha mita 8 kwa 15 kina eneo la mita 120 za mraba. Mahali panapopata milimita 300 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 36,000, ijapokuwa sehemu fulani hupotea. Mashina 240 ya nyanya yakinyweshwa lita moja kila siku kwa njia ya matone, kwa siku 120, yatataka lita 28,800. Siku za joto kali yatataka zaidi, lakini hoja ni wazi: paa lililowekewa mfereji na tangi hubeba sehemu kubwa ya kiu ya msimu mmoja. Kila lita inayotoka juu ya paa ni lita ambayo haikunyang'anywa kinamasi, ndovu au ng'ombe. Jambo hili si dogo. Mwaka 2020 shamba la parachichi la takriban ekari 180 lilizusha mvutano mkali karibu na Kimana kwa kuwa lilikuwa katika njia ya wanyamapori, hata Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ikakiondoa kibali chake. Mvutano huo ulionyesha kwamba ardhi na maji ya hapa havina nafasi ya kilimo kisichojua kipimo.

Sitaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Kivungulio kina mipaka. Kimana ni nchi ya joto. Banda lisilopitisha hewa hugeuka tanuri, na joto likizidi nyuzi 35 chavua ya nyanya hudhoofika, maua yakapukutika. Mahali pengi hapo banda la wavu la kutia kivuli litafaa kuliko la plastiki, ingawa wavu hauvuni maji ya mvua. Plastiki yenyewe huchakaa baada ya miaka michache, na isipokusanywa huwa taka juu ya taka. Mavuno ya kilimo hai nayo huweza kupungua katika misimu ya kwanza, kabla udongo haujapata afya. Wapo wasemao kwamba nchi yenye njaa haina anasa ya kungojea hayo. Hoja yao ina uzito, na jibu langu ni kwamba gharama ya sumu haijawahi kuandikwa yote katika daftari moja. Imegawanywa: kidogo kwa mpulizaji asiye na glovu, kidogo kwa mlaji wa Kitengela, kidogo kwa nyuki, na iliyosalia kwa kinamasi. Ikijumlishwa, huenda ile "bei nafuu" ikageuka kuwa ghali.

Afrika Mashariki haianzi kutoka sufuri. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha viwango vya pamoja vya mazao ya kilimo hai, na nembo yake ikapewa jina la Kiswahili: Kilimohai. Ni nadra kwa jambo la kitaalamu kuzaliwa likiwa na jina la Kiswahili badala ya kutafsiriwa baadaye, na kwa sababu hiyo nembo hii ingepaswa kujulikana na kila mtoto wa shule. Isitoshe, vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana vyenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa, hivyo kuepuka ada kubwa za wakaguzi wa kutoka nje. Na mnamo Novemba 2024 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa ekolojia ya kilimo wa hadi mwaka 2033. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya karatasi na mfereji.

Daraja hilo zamani liliitwa bwana shamba. Tangu marekebisho ya kiuchumi ya miaka ya 1990 kubana ajira za serikali, idadi yao imepungua, na tangu mwaka 2013 kilimo kimekuwa jukumu la kaunti, ambazo nyingi zimechelewa kuliziba pengo. Nafasi ya bwana shamba imechukuliwa na muuza duka. Simlaumu, lakini anayelipwa kwa kuuza chupa si rahisi akushauri usiinunue.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kungoja muujiza. Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Kajiado iwashawishi wenye ardhi na wanaokodi waandikiane mikataba ya miaka mitano au zaidi, yenye kifungu cha kumfidia mkulima rutuba atakayoiacha. Bila hilo, mahubiri yote ya mboji yatakuwa kumpigia mbuzi gitaa. Pili, maelezo ya vibandiko yaandikwe upya kwa Kiswahili kinachosomeka na, kwa Kimana, yatangazwe pia kwa Kimaasai na Kikamba redioni. Kazi hiyo ni ya wanaisimu pia. Vyuo vikuu vina idara za Kiswahili ambazo wanafunzi wake huandika tasnifu kuhusu istilahi ambazo hakuna mkulima atakayezitumia. Tatu, shule zitumike. Vyama vya 4-K vilihuishwa mwaka 2021, na mtaala wa umilisi una somo la kilimo. Mwalimu mwenye kijibanda cha plastiki cha mita chache anaweza kufundishia humo hesabu ya mvua, sayansi ya mizizi na hata sarufi ya Kiswahili. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake jinsi mzunguko wa mazao unavyozuia mnyauko atakwenda nyumbani na elimu ambayo duka haliiuzi.

Kuhusu lugha, ninalo ombi moja kwa walimu wenzangu. Tuanze kuita sumu sumu. Mtoto anayesema "baba amekwenda kupiga dawa" hana hofu. Anayesema "baba amekwenda kunyunyiza sumu" atauliza glovu ziko wapi, na kama mboga za jioni zimeshatimiza siku zake. Neno halibadilishi kilichomo ndani ya chupa, lakini hubadilisha namna mkono unavyoishika chupa hiyo. Na wale wanaoiita bangi dawa, na wale wanaoiita laana, wote wawili waombwe watupe ushahidi badala ya jina.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kimana ina deni: la udongo uliochukuliwa rutuba bila kurudishiwa, na la maji yaliyotekwa bila hesabu. Deni hilo halitalipwa na mmea wa kimiujiza, uwe wa halali au wa haramu. Litalipwa kwa toroli la samadi, kwa mfereji wa paa, kwa mkataba wa haki na kwa kibandiko kinachosomeka. Hiyo ndiyo dawa ninayoiona mimi. Haipulizwi kwa bomba, na wala haikatazwi na sheria yoyote.